Wasanifu wa tovuti wazijaribu fonti kabla ya kuzipenda

Mhariri,

Naomba nafasi niseme machache kuhusu fonti, yaani mitindo ya maumbo ya herufi, zinazotumika kwenye tovuti, jambo ambalo wengi hulipuuza hadi siku linapowakwamisha.

Mimi lilinipotezea mchana mzima. Tovuti moja ilinipa nywila ya muda, nami nikaiandika kwenye karatasi ili niiingize katika simu nyingine. Katikati yake palikuwa na kijiti kilichosimama wima, na sikuweza kujua kama kilikuwa I kubwa, l ndogo au tarakimu 1. Nilikisia mara tatu, akaunti ikafungwa. Macho yangu ni mazima. Msanifu ndiye aliyechagua fonti ambayo alama hizo tatu hazina tofauti, na nadhani hakuwahi kuziweka pamoja akazitazama.

Tatizo hili lina dawa ya siku nyingi. Katika fonti ya Verdana, ambayo Matthew Carter aliichora mahususi kwa skrini na Microsoft ikaitoa mwaka 1996, I kubwa ina vijistari juu na chini, na 1 ina kitako chake. Times New Roman, kwa upande mwingine, ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, lililoanza kuitumia mwaka 1932, kwa hiyo sifa iliyoipata kwenye wino na karatasi haitoshi kuwa sababu ya kuipachika kwenye kioo cha simu.

Sisi tunaoandika Kiswahili tuna kipimo chetu pia. Msanifu akiijaribu fonti kwa sentensi za Kiingereza peke yake, hataona kwamba ritifaa (alama ya ') katika neno "ng'ombe" inaacha pengo kana kwamba neno limekatika, au kwamba fonti haina kabisa ritifaa iliyopinda, hivyo kivinjari kikaiazima kutoka fonti nyingine na ikaonekana kama kiraka. Wala hataona jinsi neno kama "hawakuyashughulikia" linavyojaza mstari mzima wa simu ndogo pale herufi zinapokuwa pana.

Kuhusu rangi nitasema kwa ufupi: mwongozo wa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, unataka uwiano wa mng'ao kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake usipungue 4.5 kwa 1, ilhali herufi nyembamba za kijivu (sijui nani aliyezifanya fasheni) mara nyingi hushindwa mtihani huo.

Aina nyingi za herufi nazo huongeza mzigo wa kupakua, kwa kuwa kwa kawaida herufi nyembamba, nene na zilizoinama huja katika mafaili tofauti, na vivinjari vingi huyaficha maandishi kwa takribani sekunde 3 vikisubiri fonti ifike. Mwenye mtandao wa kusuasua hukodolea macho ukurasa mtupu. Msanifu anaweza kuagiza fonti iliyomo tayari kwenye simu itumike mara moja wakati ile ya mapambo ikiwa njiani. Ni agizo la mstari mmoja tu katika msimbo.

Msomaji wako