Mwacheni mama aingie leba na mtu wake

Mhariri,

Binti yangu ana miaka sita. Kila tukikutana ukweni, wifi yangu huuliza kwa utani ambao si utani: "Huyu mbona hapewi mdogo wake?" Nacheka, nahamia kwenye habari nyingine. Hajui kwamba nameza vidonge bila kuruka hata siku moja, na bado hedhi ikichelewa kidogo nakimbilia duka la dawa kununua kipimo. Kikionyesha mstari mmoja, nanunua cha pili.

Siogopi mtoto wala kulea. Naogopa leba. Siku ile niliingia saa tatu usiku, mama yangu akaachwa mlangoni na kanga zake mkononi. Nilipolia, nesi alinitolea maneno ambayo wengi waliozaa wanayajua. Siyaandiki, gazeti lenu linasomwa na watoto pia. Kondo la nyuma lilipotoka, damu ikagoma kukata. Watu wakakimbizana juu yangu, na hakuna aliyeniambia kama nitapona.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba hofu hii ikizidi ina jina kitaalamu: tokofobia. Kliniki nilipimwa uzito, presha, damu na mkojo, nikapewa vidonge vya kuongeza damu na SP ya kukinga malaria. Kama naogopa, hakuna aliyeniuliza.

Najua nchi yetu imepiga hatua. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000; ule wa 2022 ukakuta 104. Siku hizi kuna hata m-mama, unapiga 115 mjamzito anafuatwa na gari. Nashukuru kwa dhati. Lakini gari likishamshusha mama mlangoni, ndani anaingia peke yake.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018, linashauri kila mwanamke awe na mtu aliyemchagua mwenyewe wakati wa kujifungua. Jibu tunalopewa ni kwamba wodi ni finyu na kuna wanawake wengine wamelala wazi. Sawa, hilo la sitara nalielewa. Ila pazia la kitambaa kati ya kitanda na kitanda ni shilingi ngapi?

Mama yangu ana miaka 63 na bado anaweza kusimama usiku kucha. Siku atakaporuhusiwa kuvuka ule mlango, nitaanza kumsikiliza wifi.

Mama wa mtoto mmoja,
Morogoro