Mlima wa kwetu, si wa kalenda

Goma

Mwanangu mpenzi,

Picha uliyoichora ukanitumia kwa simu nimeiangalia asubuhi, nikairudia jioni. Ziwa umelipenda, linaonekana. Lakini ule mlima, mama, si Nyiragongo, volkano yetu. Umeuchongoa kama mkuki, ukauvika theluji, na pembeni ukaotesha misonobari. Huo ni mlima wa kalenda. Mafunzo mengi ya rangi za mafuta hutolewa na watu wa nchi za baridi, nao wanachora kwao. Wewe chora kwetu.

Ukipanda boti hapo Bukavu kuja nyumbani, kaa mbele. Ukiwa Goma mjini, mlima uko kaskazini na maji yako kusini, unalazimika kuchagua wa kumpa mgongo. Majini ndiko vinapopangana: ziwa, kisha mji, kisha mlima. Nyoosha mkono, funga jicho moja, upime. Nyiragongo una mita 3,470, ila Ziwa Kivu lenyewe liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, kwa hiyo kinachosimama juu ya maji ni kama mita 2,000. Hata boti ikikaribia mji, vidole vitatu au vinne vinaufunika wote kwa urefu. Ukubwa wake uko kwenye upana. Mabega yanashuka polepole sana, na kilele kimekatika kwa sababu ndani ni shimo.

Sasa rangi. Umepaka kijani kilekile mbele na nyuma, ndiyo maana mlima unakuangukia usoni. Hewa iliyo kati yako na mlima hutawanya mwanga wa buluu, hivyo kilicho mbali huonekana cha buluu, kimepauka, kingo zake laini. Kijani kilichokolea kiachie migomba ya ukingoni. Mlima uchanganyie buluu ya ultramarini, nyeupe, na kahawia nyekundu kidogo mno. Buluu hiyo na kahawia hiyo bila nyeupe zinakupa rangi ya mawe ya lava, ile ya mlipuko wa 2002 iliyopasua mji hadi ikaingia ziwani, na ambayo mawe yake leo tumejengea kuta. Ni nyeusi nzuri kuliko nyeusi ya tyubu, maana unaweza kuisogeza kwenye joto au kwenye ubaridi.

Taswira ya mlima majini inashuka wima chini yake, hata jua likiwa ubavuni. Kitu cheupe kikijionyesha majini hufifia kidogo, na cheusi hupata mwanga kidogo. Maji yaliyo miguuni pako hayachukui mbingu sana. Hapo unaona mawe ya chini.

Moshi wa mlima usiuchoree mstari. Uweke rangi ikiwa bado mbichi, uisugue kwa ncha ya kidole. Usione haya: Bela wa Lubumbashi, yule mchoraji wa karakana ya sanaa ya Romain-Desfossés, alichora picha nzima kwa vidole, na picha zake zinatunzwa hadi leo. Kisha nawa mikono kwa sabuni.

Tabaka la kwanza lipunguze kwa tapentaini, za juu ndizo ziongezewe mafuta ya kitani. Mafuta hayo hayakauki kama maji, yanagandishwa na hewa, na yakiwa mengi yanachelewa. Ukiyaweka mengi kwenye tabaka la chini, tabaka la juu litakauka kwanza, kisha lipasuke.

Na hili nakuomba kama baba: vitambaa ulivyofutia mafuta ya kitani usivirundike chumbani. Vikirundikana vinapata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka bila kiberiti. Vitandaze nje vikauke, au viloweke kwenye ndoo ya maji.

Nyeupe ikiisha niambie, nitampa mtu anayekuja huko kwa boti. Mama yako anakusalimia na anadai uweke mitumbwi ya wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mitumbwi ile inayofungwa mitatu pamoja. Mwekee, ila iwe midogo kuliko unavyofikiri.

Baba yako