Mpwa wangu, usiziache hizo volti

Mpwa wangu,

Salamu kutoka Kisumu. Mama yako ameniambia unataka kumwomba msimamizi wako akubadilishie mada, kwa sababu seli zako za jua za perovskaiti, yaani zile zinazonasa mwanga kwa utando mwembamba wa fuwele uliopakwa juu ya kioo, zimekwama kwenye volti 0.9 tangu Januari, na za wenzako wa ng'ambo zinapita 1.1. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu huwa nasema nusu ya ninachotaka. Tena wapo vijana wengine wanaohangaika na jambo hilohilo, ndiyo maana naandika hapa hadharani, bila kukutaja jina.

Nikueleze hilo pengo la volti 0.2 linavyoonekana kutoka kwenye meza yangu ya kazi. Paneli ninazowafungia wavuvi wa omena pale Dunga, za kuchaji betri ya volti 12, zina seli 36 za silikoni. Kila seli hutoa takriban volti 0.6 ikiwa haina mzigo, na zikiungwa mfululizo unapata kama 21.6. Watu huniuliza kwa nini ziwe nyingi hivyo kwa betri ya 12. Ni kwa sababu betri haijai mpaka isukumwe kwa volti 14 na kitu, na paneli ikishaanza kazi volti hushuka, jua la saa saba likiichemsha hushuka tena, na waya mrefu nao hula chake. Sasa chukua seli zako. Kwa 1.1, seli 20 tu zinatupa volti 22. Kwa 0.9, seli hizohizo 20 zinatoa 18, na nikishaondoa mzigo, joto na waya, sibaki na kitu cha kutegemewa. Mvuvi ataingia ziwani na taa itakayofifia kabla hajavuta wavu. Kwa hiyo pengo lako si dogo hata kidogo. Lakini linazibika.

Mwaka 2009 Tsutomu Miyasaka na wenzake huko Japani walipotengeneza seli za kwanza za aina hii, zilibadilisha asilimia 3.8 tu ya nguvu ya mwanga kuwa umeme, na kimiminika kilichokuwa ndani kiliziyeyusha upesi. Leo seli ndogo za maabara zinapita asilimia 25. Mchanganyiko uliboreshwa, ni kweli, ukatiwa viambato vipya kama sesiamu na fomamidiniamu. Hata hivyo sehemu kubwa ya safari hiyo ilikuwa namna ya kumwaga utando, kuukausha na kuufunika. Yaani kazi ya mikono, na mikono yako naijua. Ulikuwa na miaka kumi na miwili uliponishinda kulehemu waya mwembamba wa redio.

Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba mwanga ukipiga utando, elektroni inang'oka na kuacha tundu, yaani nafasi tupu inayosafiri kama chaji chanya, na kila mmoja anatakiwa atoke kwa mlango wake. Wakikutana njiani penye kasoro, kwenye mpaka kati ya punje za fuwele au juu ya uso wa utando, nguvu yao inaishia kuwa joto na volti zinaanguka. Tangu siku hiyo kuna hesabu moja inayonikaa kichwani: ukipunguza upotevu huo mara kumi, seli inaongeza karibu volti 0.06. Kutoka 0.9 hadi 1.1 ni hatua tatu za namna hiyo na kidogo. Na kwa utando kama wako dari iko kwenye 1.3 hivi, kwa hiyo nafasi ipo.

Kile kioo ulichonionyesha Pasaka kilikuwa na ukungu pembeni. Utando mzuri huwa mweusi, unang'aa hadi unajiona uso. Ukungu ule unanifanya nishuku sekunde zako za kudondosha klorobenzini, kile kimiminika cha kukaushia utando, wakati kioo kinazunguka. Fikiria chumvi kwenye sufuria: maji yakikauka polepole, unapata fuwele kubwa zilizotawanyika, na katikati pako wazi. Tone lile linavuta kiyeyushi kwa ghafla, mbegu za fuwele zinaota kila mahali kwa pamoja na kubanana. Likichelewa kidogo tu, umepata sufuria ya chumvi, na kila kitobo kinachobaki ni mlango wa shoti. Kwa hiyo usikadirie. Weka saa, dondosha kutoka kimo kilekile, na uandike unyevu wa hewa wa siku hiyo hata kama unafanya kazi ndani ya sanduku la naitrojeni, maana sanduku nalo huvuja. Halafu angalia sahani ya moto. Nyuzi 100 ya kitufe si lazima iwe nyuzi 100 ya kioo, na ukipitiliza, utando unaanza kuwa manjano kwa risasi iodidi iliyobaki, ile chumvi ya metali ya risasi iliyo ndani ya utando.

Uso wa utando ndio ningeupa wiki nzima. Mwaka 2019 watafiti wa Beijing walipaka juu yake chumvi ya fenethilamoniamu iodidi, ikaziba kasoro za usoni, na seli ikafika volti 1.18. Kazi yenyewe ni kupaka tone jembamba juu ya utando uliokwisha kukauka! Hapo ndipo ningeanzia Jumatatu.

Baadaye uachane na kile kizungushio, kinachorusha sehemu kubwa ya dawa ukutani. Paneli ya kweli itapakwa kwa kisu na kukaushwa kwa upepo, na huko hesabu za sekunde utazianza upya.

Najua utaniuliza kuhusu sumu ya hiyo risasi na kuhusu seli kudumu. Naliogopea ziwa letu kuliko unavyodhani, na sitamfungia mvuvi paneli inayovuja. Ila kasoro hizohizo zinazokula volti ndizo zinazopitisha unyevu na kuanzisha uozo, kwa hiyo ukizifuata volti hujaliacha hilo nyuma.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitakuwa Nakuru kununua betri. Niletee seli mbili, moja uliyopaka ile chumvi na moja bila, uzifunge vizuri kwa kioo. Nitakuja na mita yangu na kipande cha silikoni, tuzipime zote tatu saa sita juani.

Mjomba wako