Barua kwa Mama Upendo: macho ya njiti

Mbeya, 9 Julai

Mama Upendo mpendwa,

Salamu kwanza. Baridi ya huku imetukaba, nyie wa Makambako sijui kama vidole bado vinakunja. Ujumbe wako Atupele kanifikishia. Mwandiko umenichekesha, swali halikunichekesha.

Unataka kujua matone ya kutanua mboni kabla ya kumpima njiti wenu macho. Nitafika huko. Mimi kinachonikosesha raha ni tarehe. Njiti kazaliwa wiki ya 29, gramu 1,150, kakaa kwenye oksijeni, sasa ananyonya na mama anadai ruhusa. Kadi yake ina siku ya kupimwa macho, kutafuta ule ugonjwa wa njiti wa mishipa ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga)? Kwa wiki zake, kipimo cha kwanza ni akitimiza wiki 4 tangu kuzaliwa. Siku za mwanzo hakuna cha kuona. Ukingoja mboni iwe nyeupe, retina imeshabanduka na leza haina la kufanya. Hapo katikati jicho kwa nje linang'aa vizuri tu, ndiyo maana mama haoni kwa nini atafute nauli ya kurudi. Andika tarehe kamili, usiandike "arudi kliniki".

Na asidhani ni mara moja. Hurudiwa kila wiki moja au mbili hadi mishipa ifike ukingoni mwa retina. Ikionekana inahitaji leza au sindano, mna kama siku 2 au 3 tu.

Halafu oksijeni. Mishipa ya retina humaliza kukua karibu na wiki ya 40. Oksijeni ikizidi, mishipa inasimama kukua. Baadaye retina yenye njaa inaotesha mishipa mipya ovyo, inavuja, inaweka kovu, kovu linavuta retina. Basi oksimita, kile kipimo cha oksijeni kwenye damu, isome asilimia 90 hadi 95. Kengele ya chini tunaikimbilia wote, ya juu watu wanaizima eti inapiga kelele! Mtoto aliye kwenye oksijeni akisoma 99, punguza. Akiwa anavuta hewa ya kawaida, hiyo 99 ni yake, mwache. Ila msimbane chini ya 90 kwa kuogopa macho, mtampoteza mtoto mwenyewe. Na sipapu yenu, ile mashine ya kusukuma hewa puani, ina kichanganyio cha hewa? Bila hicho, konsentreta (mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani) inampa oksijeni karibu tupu.

Haya, matone: saiklopentoleti asilimia 0.5 na fenilefrini 2.5, tone moja moja kila jicho, rudia baada ya dakika 5, kama saa moja kabla ya kipimo. Macho meusi ni makaidi, mara nyingi yanataka raundi ya tatu. Fenilefrini ya asilimia 10 iliyo kabati la watu wazima usiiguse, inapandisha presha. Futa linalochuruzika shavuni, ngozi yao inalinywa. Asinyonye saa moja kabla, atatapika. Mviringe khanga, oksimita mguuni, ambubagi (mfuko wa kumpulizia pumzi) karibu: kile kichuma cha kushikilia kope na kule kulisukuma jicho hushusha mapigo, wengine wanasahau kupumua. Maji ya sukari kidogo mdomoni dakika 2 kabla yanasaidia.

Nijibu upesi. Leo katimiza siku ngapi? Mama ana simu yake au ya jirani? Mzee Sanga wa gari la wagonjwa bado yupo, au tutafute basi? Kengele ya juu nani kaizima? Na gunia langu la viazi limekwama wapi?

Wako,
Mama Ipyana