Aspirini ya kiharusi isitangulie picha ya ubongo

Mhariri,

Wapo wanaompa mgonjwa wa kiharusi aspirini papo hapo nyumbani. Tunawasihi waache. Mshipa ulioziba na uliopasuka huleta dalili zilezile. Picha ya ubongo ya CT ndiyo hutofautisha, na aspirini huzidisha uvujaji wa damu. Tena koo likilegea, kidonge huingia njia ya hewa. Ndiyo maana hospitalini uwezo wa kumeza hupimwa kwanza. Akishindwa, dawa hupitia mpira wa puani au njia ya haja kubwa.

Uvujaji ukishaondolewa shaka, aspirini miligramu 160 hadi 300 huanzishwa ndani ya saa 48. Aliyepewa dawa ya kuyeyusha bonge la damu husubiri saa 24 na picha nyingine.

Kiharusi kikiwa chepesi, klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, huongezwa, kwa kawaida siku 21. Wengine huendelea na zote mbili miezi kadhaa, na hatari ya kutoka damu ikipanda, kwa kuwa tu hakuna aliyeandika tarehe ya kukoma. Iandikwe kwenye cheti!

Presha nayo, mshipa ukiwa umeziba, isishushwe kwa pupa siku ya kwanza ikiwa haijavuka 220/120 na dawa ya kuyeyusha haikutolewa: sehemu ya ubongo iliyonusurika hutegemea msukumo huo.