Barua kuhusu mdudu kibibi wa madoa kumi na tisa

Rafiki yangu mpendwa,

Nimeipokea barua yako pamoja na picha za mdudu kibibi uliyemkuta kwenye jani, nami nimezitazama jioni nzima. Unasema umehesabu madoa 19, na umeuliza kama hiyo ndiyo idadi ya miaka yake. Sivyo. Anapotoka katika bundo, yaani ganda analogeukia ndani yake kuwa mdudu kamili, huwa na rangi ya njano hafifu isiyo na doa, na baada ya saa chache madoa hujitokeza, wala hayaongezeki tena hadi afe.

Kuhesabu madoa pekee hakutoshi kumpatia jina, maana familia yake, Coccinellidae, ina spishi zipatazo 6,000, na huyu wako ni miongoni mwa wenye sura nyingi kupita kiasi. Naamini ni Harmonia axyridis, ambaye aweza kuwa mwekundu, wa rangi ya chungwa au mweusi. Tazama miguu yake: ni ya hudhurungi, ilhali ya Coccinella septempunctata, yule wa madoa 7, ni myeusi. Tazama pia ule weupe ulio kati ya kichwa na mabawa, wenye alama mfano wa herufi M, kisha mkunjo mdogo unaokatiza karibu na ncha ya mabawa. Mkunjo huo ndio ulioniondolea shaka.

Asili yake ni Asia ya mashariki. Alipelekwa Marekani na Ulaya ili ale vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea, lakini alienea kuliko ilivyotarajiwa, na hula hata mayai na lava, yaani watoto, wa vibibi wengine. Jambo hilo hunihuzunisha kila nimwonapo, ingawa ni mzuri wa kutazamwa.

Hata hivyo, hukuniambia jani lile lilikuwa la mmea gani, na kwangu hilo lina uzito sawa na madoa. Harmonia hupendelea miti na vichaka, ilhali yule wa madoa 7 hukaa zaidi kwenye mimea mifupi. Psyllobora vigintiduopunctata, wa njano mwenye madoa 22, hufuata majani yenye ubwiri unga, yaani ukungu mweupe kama unga, kwa kuwa huo ndio chakula chake, na wale wa jenasi ya Epilachna, wenye vinyweleo mgongoni, hula majani yenyewe.

Tafadhali rudi pale pale, ugeuze majani uone kama kuna vidukari au bundo lililogandamana, kisha uniandikie. Ukimshika, mshike taratibu, kwani akiogopa hutoa majimaji ya njano kwenye viungo vya miguu.

Wako daima,
Rafiki yako