Walimu wa mazoezi, msitutangaze kwenye kipaza sauti

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani wa Ngamiani, hapa Tanga, mwaka wa 22 sasa. Mteja akija kupimwa huku amebana pumzi, simwambii, "Shangazi, umenenepa." Naandika kipimo changu, kisha naacha akiba ya kitambaa ndani ya mshono. Akirudi baada ya miezi miwili nafumua, na hakuna aliyesema kitu.

Walimu wetu wa mazoezi nao wangejifunza hilo. Jumamosi alfajiri tunakutana Raskazone, wengi wetu kina mama. Siku moja mwalimu akataka turuke huku tunatanua miguu. Mimi nikawa nakanyaga tu papo hapo. Akanijia na kipaza sauti: "Mama wa kijora, acha uvivu!" Watu wakaangua kicheko. Tangu nimzae mtoto wa tatu, nikiruka, hata nikipiga chafya, mkojo unanitoka. Sasa hilo nilisemee kwenye kipaza sauti? Na niliwaona wenzangu wanne wanacheka huku wamebana mapaja. Wiki tatu sikukanyaga pale.

Nilirudi niliposikia amekuja binti mwingine. Huyu husema, "Anayeruka aruke, anayekanyaga akanyage," halafu yeye mwenyewe anakanyaga, basi hajulikani nani hawezi na nani hataki. Tulipokuwa tunakunja mikeka akaninong'oneza, "Mama, kuna zoezi linalokusumbua?" Ndipo nikasema. Akanifundisha kubana misuli ya chini kama mtu anayezuia haja ndogo, nihesabu, niachie; akanisihi nionane na wataalamu hospitalini, maana tatizo hili huwapata wengi waliozaa na lina tiba.

Hata wanaume wana yao. Mzee mmoja anayejichoma insulini alikuja bila kunywa chai. Katikati ya mbio akaanza kutetemeka, jasho la baridi linamtoka, ukimuuliza hili anajibu lile. Sukari ilikuwa imeshuka. Binti akamkalisha, akampa soda yenye sukari, akakaa naye dakika 15 hadi macho yakachangamka. Tangu siku hiyo, kabla hatujapasha misuli, hupita kwa mmoja mmoja: "Shikamoo, umeshakunywa chai?" Asiyejua hudhani ni salamu tu.

Yule wa kipaza sauti ni mteja wangu pia. Kama anasoma hapa: mwanangu, suruali yako iko tayari tangu juzi. Kiunoni nimekuachia akiba.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga